Waridi la kijiti, la kubebeshwa au la chungu: lipi litakaa nyumbani kwako?

Anayetaka waridi nyumbani ana njia tatu. Anaweza kuomba kijiti kwa jirani na kukiotesha mwenyewe. Anaweza kwenda kwenye kitalu kando ya barabara na kurudi na mche uliobebeshwa, ule ambao Kenya wengi huuita wa kupandikizwa, ukiwa ndani ya kiriba cheusi. Au ananunua waridi dogo la chungu, tayari limejaa matumba, na jioni hiyo hiyo liko barazani.

Nimepanda yote matatu, kwanza Tanga kwenye nyumba ya mama, kisha Arusha ninakoishi sasa, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Yaliyonifia ni mengi. Karibu kila mara nilikuwa nimelipenda ua kabla ya kuuliza linasimama juu ya mizizi gani na litavuta hewa ya wapi. Ndiyo maana katika ulinganisho huu rangi na picha zimekaa nyuma, na mizizi na hewa vimetangulia.

Pima kwanza kwako kukoje

Kabla ya kuchagua, zunguka nyumba yako siku moja nzima uangalie mambo haya.

Jua. Waridi linataka jua la moja kwa moja saa sita kwa siku, na la asubuhi ndilo bora kwa sababu hukausha umande mapema. Kama hakuna mahali panapopata hata saa nne, hakuna kati ya haya matatu litakalokufurahisha.

Joto, hasa la usiku. Waridi hustawi mchana ukiwa wa nyuzi 18 hadi 27 na usiku ukipoa. Mashamba makubwa ya maua ya Kenya hayakwenda Naivasha, karibu mita 1,900 juu, kwa bahati tu, wala ya Tanzania kukusanyika kandokando ya Arusha. Pwani usiku haupoi sana, kwa hiyo ua hukimbilia kufunguka likiwa bado dogo na kupukutika mapema.

Udongo. Uwe tifutifu, usiotuamisha maji, wenye uchachu kidogo, yaani pH ya 6 hadi 6.5. Palipo na mawe ya matumbawe udongo huwa na chokaa nyingi na mmea hushindwa kuvuta madini ya chuma. Dalili yake ni majani machanga kuwa ya njano huku mishipa ikibaki ya kijani.

Mwisho, jiulize unataka ua la kazi gani: la kunukia na kutia kwenye kikuba, la kukata na kuweka mezani, au la kutazama tu ukinywa chai.

Mizizi ni ya nani

Kijiti kikishika, kinasimama kwa mizizi yake chenyewe. Kilicho chini ya udongo na kilicho juu ni mmea mmoja. Faida yake utaiona siku mbuzi wa jirani atakapopenya uzio na kulitafuna waridi hadi usawa wa ardhi. Kitakachochipua baada ya mwezi ni waridi lile lile.

Mche uliobebeshwa ni mimea miwili iliyounganishwa. Juu kuna aina uliyoipenda. Chini kuna shina la waridi jingine lililochaguliwa kwa nguvu ya mizizi yake, na linalotumika sana Afrika Mashariki na Kusini linaitwa Natal Briar. Pale yanapokutana pana kinundu unachoweza kukishika kwa vidole. Mizizi hiyo ya kuazima hulisha vizuri, na aina nyingi za maua makubwa ambazo zingedhoofika kwa mizizi yao zenyewe husimama imara juu yake. Lakini shina la chini nalo ni waridi hai. Likipata nafasi litachipua lenyewe.

Mche wangu wa kwanza wa kununua ulikuwa wa maua mekundu. Lilitoka tawi chini kabisa, limenyooka, likikua haraka kuliko mengine yote, nikalifurahia hata nikalisimikia mti wa kuegemea. Ndani ya mwaka mmoja upande mwekundu ulinyauka wote. Nilikuwa nimeulea mzizi nikaua nililolinunua. Tawi linalotoka chini ya kinundu usilikate kwa mkasi usawa wa udongo, kwa maana litarudi na wenzake. Fukua kidogo, lifuate mpaka linapotokea, kisha livute kuelekea chini hadi ling'oke pamoja na jicho lake, yaani pale lilipochipukia.

Kinundu chenyewe kikae juu ya udongo, kimo cha vidole viwili au vitatu. Maelekezo mengi ya Ulaya husema kifukiwe, na huko wana sababu: wanakikinga na baridi ya kugandisha. Jamaa zetu walioko Uingereza au Kanada wafuate ya huko. Huku kwetu kukifukia wakati wa masika ni kukiozesha.

Waridi dogo la chungu mara nyingi halikubebeshwa. Usishangae ukifukua ukakuta vijiti vitatu au vinne vilivyooteshwa pamoja ili kichaka kionekane kimejaa. Kikiwa dukani kinapendeza, kikifika nyumbani vinagombania maji. Maua ya kwanza yakiisha, vitenganishe taratibu na kila kimoja ukipe chungu chake.

Hewa ya pwani, hewa ya milimani

Kwa mtu wa pwani, kijiti kina jambo moja ambalo mengine hayana: kimeshafaulu mtihani. Waridi lililokaa miaka mingi kwenye nyumba ya Unguja, Lamu au Mombasa, likachomwa na jua la kaskazi na kuloweshwa na masika, na bado linatoa maua, haliwezi kukudanganya. Tembea mtaani kwako uangalie linalostawi, kisha bisha hodi.

Mche uliobebeshwa wa maua makubwa, yale ya ua moja kwenye tawi refu, uko kwao Limuru, Lushoto, Mbeya, Kigali au Bukavu. Pwani hautakufa lazima, ila maua yatakuwa madogo kuliko uliyoyaona kitaluni. Ukiwa pwani na bado unautaka mche wa kununua, tafuta aina za vishada, zinazotoa maua mengi ya wastani kwenye tawi moja. Iceberg, waridi jeupe lililotolewa na Kordes wa Ujerumani mwaka 1958, ni mfano mzuri wa aina inayovumilia joto.

La chungu lina miguu, na wewe ndiye miguu yake. Masika unalisogeza chini ya paa, kiangazi unaliondoa kwenye ukuta unaorudisha joto. Hatari yake ni sakafu ya saruji saa saba mchana. Chungu cheusi cha plastiki juu ya saruji huchemsha mizizi, kwa hiyo kiinue juu ya matofali mawili.

Hapa niseme jambo kwa wenye jamaa Oman. Wapo wanaotamani kijiti cha waridi la Jabal Akhdar, lile linalokenekwa maji ya waridi katika majira ya kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei. Nayaelewa mapenzi hayo, kwa maana marashi yale yamenyunyizwa kwenye harusi zetu tangu mababu. Lakini waridi lile huishi milimani, karibu mita 2,000 juu, huchanua msimu mmoja tu kwa mwaka, na linahitaji majira ya baridi ndipo lifunge matumba. Ukilipanda Unguja utapata miiba na majani, na maua ya kubahatisha kama yapo. Afadhali uletewe chupa ya marashi, na bustanini upande linalozoea pwani.

Afya ya majani

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ugonjwa wa madoa meusi husababishwa na ukungu, na ukungu huo unahitaji jani libaki limelowa kwa saa saba hivi ndipo uingie. Ukilishika hilo moja umeshika nusu ya kazi. Mwagilia asubuhi, mwaga maji kwenye shina wala si juu ya majani, panda kwa nafasi ya sentimita 60 hadi 90, na kata matawi yanayopishana katikati ya kichaka ili upepo upite. Majani yaliyoanguka okota yote, usiyatie kwenye mboji.

Ubwiri unga ni ule unga mweupe juu ya majani machanga na matumba. Huu hauhitaji jani kulowa. Unapenda usiku wa baridi na mchana wa joto la wastani, ndiyo maana Arusha na Nairobi unaonekana sana kati ya Juni na Agosti. Dawa za salfa husaidia ukiwahi, ila usipulize jua likiwa kali maana huunguza majani.

Utitiri ni wa kiangazi. Geuza jani, utaona vidudu vidogo kama punje za pilipili iliyosagwa na utando mwembamba. Maji ya nguvu chini ya majani, asubuhi, siku kadhaa mfululizo, huwapunguza bila dawa yoyote. Vidukari nao huondoka kwa maji hayo hayo, au kwa maji yenye sabuni kidogo, au kwa mwarobaini.

Sasa tuyalinganishe matatu. Kijiti hurithi afya ya mama yake, ama njema ama mbaya. Kamwone mama katikati ya masika, si wakati wa kiangazi ambapo kila waridi linaonekana zima. Kwenye kichanga cha pwani, kijiti kinaweza kudhoofishwa na minyoo fundo, wanaofanya mizizi iwe na vinundu kama shanga. Usikipande palipotoka nyanya au bamia, kwa maana minyoo hao hao huishi humo, na changanya mboji nyingi.

Mche uliobebeshwa una mizizi yenye nguvu, lakini majani ya aina nyingi za maua makubwa ni mepesi kushikwa na madoa meusi, na ya rangi ya njano zaidi. Kuna historia nyuma yake: mwaka 1900 mkulima wa Ufaransa Joseph Pernet-Ducher alitoa Soleil d'Or, waridi lililochanganywa na waridi la njano la Uajemi. Manjano mengi makali ya bustani za leo yalipitia mlango huo, na udhaifu wa majani ukaja pamoja na rangi. Kama kwako kuna unyevu mwingi, mche wa kwanza usiwe wa njano. Ukiwa kitaluni, angalia pia shina karibu na udongo. Kinundu laini cha pale ulipobebeshwa ni sawa. Uvimbe wenye mikunjo kama koliflawa ni ugonjwa wa bakteria, na mche huo uache hapo hapo.

La chungu lililo barazani hulowa kidogo, kwa hiyo madoa meusi hulisumbua kidogo. Utitiri ndio adui yake mkubwa, hasa kwenye roshani za ghorofani palipo pakavu na pa moto. Kosa jingine ni kulifanya pambo la sebuleni. Ndani ya nyumba majani huanza kupukutika baada ya wiki chache, kwa kuwa mwanga ni mdogo mno.

Ua lenyewe

Ukitaka ua kubwa, la tawi refu, la kuweka kwenye chombo mezani, uliobebeshwa unaongoza milimani. Vijiti vya mawaridi ya zamani ya mitaani hutoa maua mepesi, mara nyingi ya rangi ya waridi au mekundu, yanayopukutika baada ya siku mbili tatu, lakini mengi yananukia, na ndiyo ya kuchanganya na asumini na rihani kwenye kikuba. Ya chungu ni madogo, ya sentimita mbili hadi nne, mengi kwa wakati mmoja, na kwa kawaida harufu yake ni hafifu.

Wapo wanaochomeka ardhini waridi walilopewa kama zawadi kutoka duka la maua. Machache hushika, sikatai. Lakini aina hizo zilichaguliwa ziishi chini ya nailoni ya shambani na zidumu kwenye chombo, na wengi waliozipanda nje wamezipoteza mvua za kwanza zilipopiga. Petali zake usizitie kwenye chai wala chakula, kwa kuwa hujui zilipuliziwa nini.

Gharama na subira

Kijiti ni bure, na malipo yake ni muda. Chagua tawi lililomaliza kuchanua karibuni, unene wa penseli, ulikate urefu wa sentimita 15 hadi 20 likiwa na macho manne. Ondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu. Zika macho mawili kwenye mchanga uliochanganywa na udongo wa msituni, funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, weka penye mwanga pasipo jua kali. Mizizi hutoka baada ya wiki nne hadi sita. Majani mapya yakitokea wiki ya pili usishangilie, maana kijiti huchipua kwa akiba yake kabla hakijaota mzizi, na wengi hukihamisha wakati huo kikafa. Pwani anza majira ya kipupwe, joto likipungua. Mimi katika vijiti kumi hupata vinne au vitano, na matumba ya miezi ya mwanzo nayakata ili nguvu ishuke kwenye mizizi. Kichaka cha kujivunia utakiona mwaka wa pili.

Mche uliobebeshwa ndio ghali zaidi ya yote matatu kwa mmea mmoja, na unastahili shimo zuri: upana na kina cha sentimita 50, na ndoo moja ya samadi iliyooza kabisa. Ukishajikita na kupogolewa, huchanua baada ya wiki sita hadi nane. Kama aina ina haki za aliyeizalisha, usioteshe vijiti vyake kwa kuuza bila idhini. Kenya imo katika mkataba wa UPOV unaolinda haki hizo tangu 1999 na Tanzania tangu 2015.

La chungu hukupa ua siku ya kwanza, halafu hunyamaza. Kimya hicho baada ya maua ya dukani si kifo. Kata vichwa vilivyonyauka, lipe jua, ungoje.

Kazi ya mikono

Kijiti kilichokomaa kinataka kazi ndogo kuliko yote: maji ya kutosha mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi, matandazo, na kupogoa kidogo. Uliobebeshwa unataka mkasi mkali, samadi mara kwa mara, na jicho la kuchungulia chini ya kinundu kila mwezi. La chungu ni kama mtoto mchanga, maji kila siku wakati wa joto, na udongo mpya kila baada ya miaka miwili. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo wake ni chumvi ya maji na mbolea. Mwagilia maji mengi hadi yatoke chini, mara mbili tatu, yasafishe.

Kwa hali yako

Unaishi pwani, una kiwanja, na unataka harufu: anza na vijiti vya mtaani kwako. Ukifanikiwa, mwaka wa pili ongeza mche mmoja wa vishada upande unaopata upepo.

Unaishi nyanda za juu na unapenda kukata maua ya mezani: nunua miche miwili iliyobebeshwa, si kumi. Ijue kwanza tabia yake msimu mmoja wa baridi, ndipo uongeze.

Umepanga, na huenda ukahama mwakani: la chungu, au kijiti kilichooteshwa kwenye ndoo iliyotobolewa yenye kina cha sentimita 40, ambacho utaondoka nacho.

Uko ghorofani: la chungu, mradi roshani inaona jua la asubuhi. Kama inaona la jioni tu, la magharibi lenye kuchoma, weka kivuli cha wavu mwepesi.

Unasafiri sana na hakuna wa kumwagilia: kijiti kilichokomaa ardhini, chini ya matandazo mazito. Cha chungu usikiguse.

Una waridi la mzee wako, na nyumba inauzwa au ukuta unajengwa: hapo hakuna cha kuchagua, ni kijiti tu. Usijaribu kung'oa kichaka kizee, mara nyingi hakishiki. La mama nililihamisha hivyo kutoka Tanga, vijiti nimevifunga kwa gazeti lililoloweshwa na mfuko wa nailoni, nikavichomeka jioni ya siku hiyo hiyo. Kata kumi au kumi na viwili, wiki chache kabla ya siku yenyewe ili ukikosa uweze kurudi kukata tena, na nusu mpe dada yako au shangazi akaoteshe kwake. Vyako vikifa, utakuwa na pa kuomba.